Mara ya Tatu Mlangoni

Katika mahakama yetu mtu hatambuliwi mpaka aitike. Agizo hilo ni la hakimu, na sababu anayo. Mwezi aliohamia kwetu, bwana mmoja aliyekuja kwa ajili ya kesi ya baiskeli alisinzia kwenye benchi la nje. Akasikia jina, akaitikia lisilo lake, akaingia ndani kwa adabu zote, na yalikuwa yamebaki maswali mawili tu apewe talaka ya mtu mwingine. Mwanamke aliyekuwa akidai talaka ndiye aliyesema, "Mheshimiwa, huyu bwana simjui. Ila anaonekana mpole kuliko wangu."

Tangu siku hiyo pana tangazo mlangoni. Nililiandika na kulibandika mimi mwenyewe, kwa gundi, pembe zote nne. Linasema kila mhusika ataitwa mlangoni mara tatu, kwa majina yake yote kama yalivyo kwenye jalada, kwa sauti ya kusikika. Mdai asipoitika mara ya tatu, shauri lake linafutwa.

Kuita si kazi yangu. Mimi ni karani wa masjala. Napokea majalada, nayapa namba, nayapanga kwenye rafu, kisha nayatafuta nilipoyapanga na kuyakuta pengine. Anayeita ni askari wa mahakama, mwenye kifua kipana na sauti ya kufungulia milango. Lakini Jumanne hiyo alifika shavu limevimba kama ameficha chungwa, pamba imemjaa mdomoni. Alikuwa ametoka kung'olewa jino. Hakimu alimwomba aite jina moja la majaribio. Kilichotoka kiliitikiwa na mbwa wa nyumba ya pili.

"Karani ataita," hakimu akasema.

Nikachukua orodha ya siku, nikasoma mstari wa kwanza. Mdai wa shauri la kwanza alikuwa mama mkwe wangu.

"Mheshimiwa," nikasema, "nilikuandikia kuhusu shauri hili. Mdai ni mama wa mke wangu. Uliniamuru nisiliguse jalada."

"Na hutaligusa. Jalada ninalo mimi hapa. Wewe utatumia mdomo."

Shauri lenyewe, ukilisoma kwenye karatasi, ni dogo. Jirani wa Mama ni fundi cherehani. Alipoezeka paa jipya, mdomo wa mfereji wake wa bati aliuelekeza kwenye ukuta wa chumba cha kulala cha Mama. Kila mvua ikinyesha, maji yanamwagikia pale kama mtu ameshika ndoo. Ukuta ukavimba, ukachuruzika, Mama akahamia kwetu. Sasa ni mwezi wa nne. Kitanda chake kimekaa katikati ya sebule, na nyuma yake kuna kiti changu, ambacho tangu hapo nimekuwa nikikiona mkono mmoja tu. Chai nakunywa nimesimama.

Sisemi haya kwa kulalamika. Mama alifundisha darasa la pili kwa miaka thelathini na moja, na mtu akikaa darasa la pili muda huo wote, dunia nzima kwake inakuwa darasa la pili. Magazeti yangu anayasahihisha kwa kalamu nyekundu. Mtangazaji wa redio akikosea, anamzima ili akafikiri. Mimi huniuliza kila jioni kama nimenawa mikono, na mara nyingi anakuta sijanawa.

Kwa hiyo jambo lilikuwa wazi. Shauri likifutwa, mfereji unabaki, ukuta unabaki, na kitanda kinabaki.

Lakini kwa miaka kumi na tisa ya ndoa sijawahi kulitamka jina lake. Kwangu ni Mama. Kwenye simu yangu ameandikwa Mama, na mama yangu mzazi ikabidi aandikwe Mama Mwingine, jambo ambalo sijamwambia. Hakuna aliyenikataza. Ni kwamba jina lenyewe halinitoki, kama vile mtu mzima hawezi kumwita mwalimu wake wa zamani kwa jina la utani hata akimkuta sokoni.

Nikatoka nje. Mama alikuwa kwenye benchi la barazani, mkoba umewekwa magotini, mgongo umenyooka.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba. Mbona umesawijika? Hukula?"

"Nimekula. Mama, askari amevimba shavu. Leo nitakuita mimi."

"Utaniita nani?"

"Kama ulivyoandikwa kwenye jalada."

Akanitazama jinsi alivyokuwa akiwatazama waliosahau madaftari nyumbani.

"Jaribu," akasema.

"Mama, ukiingia tu mwenyewe bila…"

"Tangazo linasema niitwe. Nimelisoma. Lina kosa mstari wa tatu, nitakuonyesha baadaye. Mimi sheria naifuata: nikiitwa vizuri, naingia. Lakini mkwe wangu asimame mlangoni anitangaze jina mbele za watu kama mnadani? Hiyo sauti mimi sitaisikia. Masikio yatakataa yenyewe."

Nikajificha nyuma ya jengo, nikampigia mke wangu na kumweleza yote. Alicheka mpaka nikasikia sufuria ikianguka.

"Mke wangu, nifanyeje?"

"Sikiliza baba watoto. Ukimwita jina, usirudi nyumbani. Usipomwita, yeye haondoki. Chagua." Akakata simu, bado anacheka.

Saa tatu kamili hakimu aliketi. Nikasimama mlangoni, mbele yangu baraza limejaa watu. Fundi cherehani alikuwa ameshafika, futi yake ya kupimia ikining'inia shingoni kama kawaida, ameegemea nguzo karibu na kizingiti. Alijua mimi ni nani. Ndiye aliyeshona suti yangu ya harusi, na suruali mpaka leo ni fupi.

"Karani, itisha shauri," hakimu akasema kutoka ndani.

Nikavuta pumzi. Nikafungua mdomo.

"Mama!"

Wanawake tisa wakasimama. Wa kumi, askari wa kike aliyekuja na mahabusu, akageuka na mahabusu wake. Hata mzee mmoja mwenye bakora akainuka, akasema mama yake yuko njiani. Mama mkwe wangu peke yake alibaki ameketi, anasoma tangazo.

"Karani!" Sauti ya hakimu ilikuwa ya utulivu, na hiyo ndiyo mbaya. "Nchi hii ina mama wangapi?"

"Wengi, Mheshimiwa."

"Ulimwita yupi?"

"Yupo, Mheshimiwa. Amekaa pale. Namwona kwa macho yangu."

"Mahakama hii haimtambui mtu kwa kukaa. Inamtambua kwa kuitika. Hiyo ni ya kwanza, naiandika. Majina yote."

Wanawake tisa wakaketi huku wakinung'unika. Fundi akainua kidole kimoja juu ili wote wakione.

"Moja," akasema. "Taratibu karani, usijichoshe."

Nilimtazama Mama. Mama aliutazama mkoba wake. Nikafikiri kwa utaratibu, kama ninavyofanya jalada likipotea. Tatizo lilikuwa wapi hasa? Kulitamka jina, au kusikika nikilitamka? Tangazo lilisema sauti ya kusikika, lakini halikusema isikike kwa nani. Basi nikainamisha kichwa, nikaweka ngumi mdomoni, nikakohoa, na katikati ya kikohozi nikalipitisha jina la kwanza, la pili na la tatu kwa pamoja.

Nje ilisikika kama mtu anapuliza uji wa moto.

"Nipo!" akaitika bwana mmoja kwenye benchi la mwisho, akizinduka usingizini. Alikuwa yuleyule wa baiskeli.

"Kaa chini!" wakamwambia watu wote kwa pamoja.

"Hiyo ilikuwa nini?" hakimu akauliza.

"Ya pili, Mheshimiwa," akajibu Fundi kabla yangu. "Mimi ni mdaiwa, nimehesabu mwenyewe."

"Ya pili, naiandika. Karani, imebaki moja. Asipoitika, nalifuta shauri hili na kuita linalofuata."

Wanawake tisa walikuwa wameacha hata kunung'unika. Yule askari mwenye pamba alisogea, akanishika bega, akaniambia jambo la kunitia moyo ambalo mpaka leo sijui lilikuwa nini.

Nikamwona Mama amekaza taya. Na hapo nikagundua kitu ambacho sikuwa nimekiona: mikono yake iliubana mkoba mpaka vidole vimebadilika rangi. Kumbe na yeye alikuwa anaogopa. Chumba kile alilala miaka arobaini. Dirisha lake alilipaka rangi mwenyewe. Alikitaka chumba chake kama mimi nilivyokitaka kiti changu, pengine zaidi, ila alikuwa ameshasema neno mbele yangu na hakujua namna ya kulirudisha.

Nikasema moyoni, basi. Nitaliita. Nitaliita lote, nirudi nyumbani nikalale jikoni. Nikajikaza kisabuni, nikajaza kifua hewa, nikafumba macho.

Nilichelewa kidogo. Labda kwa hesabu ya watu wanaosubiri ulikuwa muda mrefu. Fundi cherehani, ambaye furaha ilikuwa imemjaa mpaka kooni na haina pengine pa kwenda, hakuweza kuvumilia. Alitoka kwenye nguzo, akapanda kizingiti ili aonekane vizuri, akaigeuza shingo upande wa benchi la Mama, na kwa sauti ileile ambayo kwa miaka ishirini amekuwa akiirusha juu ya ukuta wao kila asubuhi, kuhusu kuku, kuhusu moshi, kuhusu majani makavu, akaliita jina lake. Lake, la baba yake na la babu yake, moja baada ya jingine, bila kuruka hata herufi.

"Leo nimekushinda!" akamalizia.

Mama alikuwa ameshasimama kabla hajamaliza.

"Nipo hapa!" akapaza sauti, kidole juu. "Sijaenda popote! Unataka nini tena wewe?"

Kisha akaganda. Fundi naye akaganda. Kutoka ndani tukasikia kalamu ikiwekwa mezani.

"Karani. Kuna mtu ameitika?"

"Ameitika, Mheshimiwa."

"Ameitwa majina yote?"

"Yote, Mheshimiwa. Mpaka la babu."

"Kwa sauti ya kusikika?"

Mbwa wa nyumba ya pili alikuwa bado anabweka. "Ndiyo, Mheshimiwa."

"Mlangoni?"

Nikatazama chini. "Mguu mmoja wa mdaiwa uko kwenye kizingiti, Mheshimiwa. Wa pili uko barazani."

"Mmoja unatosha. Mdai aingie."

"Lakini mimi si karani!" Fundi akalia. "Mimi ndiye ninayeshtakiwa! Mdaiwa hawezi kumwita mdai!"

"Soma tangazo," hakimu akasema. "Linasema ataitwa. Limesema na nani?"

Fundi akalisoma lote, kidole kikifuata maneno. Mama alipopita karibu yake akamwonyesha kwa upole kosa la mstari wa tatu, kisha akaingia ndani, na mimi nikampisha nikiwa nimetazama sakafu.

Usikilizaji haukuchukua muda. Hakimu alimuuliza Fundi kugeuza mdomo wa mfereji kunachukua saa ngapi. Fundi akasema nusu saa, ngazi ikipatikana. Akamuuliza kwa nini hakufanya hivyo kwa miezi minne. Fundi akasema hakuombwa vizuri. Mama akasema alimwomba mara sita, kila mara mvua ikinyesha. Fundi akasema ndiyo maana, mvua ikinyesha juu ya bati hasikii kitu. Hakimu akaandika kwa muda mrefu, kisha akaamuru mfereji ugeuzwe Jumatano, na Fundi aupige ukuta plasta kwa mkono wake.

Moyo wangu ukachanua. Nilishaanza kukiona kiti changu, mikono yote miwili.

"Nitapiga, Mheshimiwa," Fundi akasema. "Ila ukuta mbichi haupigwi plasta, itabanduka. Lazima ukauke kwanza. Wiki tatu, tena jua likiwaka."

Wote wakamgeukia Mama.

"Hapo amesema kweli," Mama akasema. "Nitasubiri kwa mkwe wangu. Hana neno."

Hakimu akanitazama. Nikasema sina neno.

Kwenye kumbukumbu za siku ile kuna mstari niliouandika mwenyewe, na hakimu akausaini bila kucheka: Mdai ameitwa mara ya tatu, na mdaiwa. Ameitika.

Jioni niliporudi, nilinawa mikono kabla ya kuulizwa. Mama alikuwa sebuleni, nguo ameikunja mpaka magotini, anasukuma kitanda chake kwa kiuno. Nikamsaidia. Tulikisogeza upande wa dirisha, kiasi cha hatua moja, kiti changu kikatokea kikiwa na vumbi la miezi minne.

Nikakaa. Nikanyoosha miguu. Mke wangu akaniletea chai huku ameuma midomo asicheke.

Mama akachukua gazeti na kalamu yake nyekundu, akasoma kidogo.

"Ile ya pili," akasema bila kuinua macho, "ulikuwa unaniita mimi, au ulipaliwa?"

"Nilipaliwa, Mama."

"Ndivyo nilivyodhani," akasema, akafungua ukurasa unaofuata.