Mzizi Ndani ya Vioo

Mwaka 1986 vioo viwili vya dirisha la bweni letu vilifariki dunia. Chanzo cha kifo hakikutangazwa, ila marehemu walionekana maabara, wamekatwa vipande vya ukubwa wa karata, na mimi, niliyelala chini ya dirisha hilo, nilikuwa mfiwa mkuu.

Vipande vilikuwa vya Elpidius, jirani yangu wa kitanda. Kwao Kiruruma migomba ilikuwa inaanguka na mikungu michanga. Mwalimu Athanasi wa biolojia alimwambia alete mzizi wa mgomba mmoja, auchunguze kama una minyoo. "Minyoo ikiishia kwenye ganda, baba yako achonge machipukizi, aondoe ganda, apande tena. Ikiwa imezama ndani, ang'oe migomba ya kibanja chote."

Elpidius alichemsha kipande cha mzizi mpaka kikapitisha mwanga, akakiweka chini ya hadubini. Tabaka moja tu ndilo lililoonekana wazi. La juu yake na la chini yalikuwa ukungu. Akalichora kwa wino juu ya kioo, akazungusha skrubu kidogo, tabaka lililofuata akalichora kwenye kioo kingine. Mimi niliteuliwa Waziri wa Tochi. Tulipovipanga vioo kimoja juu ya kingine na kuviinua dirishani, mzizi ulisimama mzima mbele yetu, wenye kina. Minyoo ilianzia kwenye ganda ikashuka hadi kioo cha mwisho.

"Labda umekosea kuchora," nikasema. "Wewe hata ng'ombe wako hufanana na meza."

Hakucheka.

Jumapili alikuja baba yake, Mzee Rwegoshora.

"Shikamoo, tata," Elpidius alisema, akampa vioo na kumweleza maneno ya mwalimu.

Mzee aliviinamisha huku na huku juani, akiifuata minyoo kwa kidole.

"Imefika ndani."

"Imefika, tata."

"Mama yako amelala katikati ya ile migomba. Nikiing'oa, kaburi litaonekana mpaka barabarani, kama mtu aliyevuliwa nguo." Akavishusha vioo. "Basi nitauacha ule mgomba wa kichwani kwake. Ule una afya."

"Mzizi huu umetoka kwenye ule," Elpidius alisema. "Niliuchagua kwa kuwa ndio mzuri kuliko yote. Nilidhani utatutetea."

Nilikuwa na utani tayari mdomoni. Nikaumeza.

Mzee alivua koti, akavifunga vioo ndani yake taratibu.

"Omba ruhusa twende," akamwambia mwanawe. "Tuanze na huo. Ukibaki wa mwisho, sitaweza."