Barua ya Zawadi

Fundi hakuifungua ile bahasha. Kwao barua ya mzazi hufunguliwa na aliyeandikiwa, na hii iliandikiwa ofisi ya kodi. Akaibeba mkobani kama yai, akapanga foleni tangu asubuhi.

Mama yake, anayeishi ng'ambo mwaka wa kumi na tisa sasa, alikuwa amemtumia fedha za kununua chumba anachoshonea, kabla mwenye nyumba hajakiuza kwa mtu mwingine. Fedha nyingi, hata ofisi ya kodi ikamwita ajieleze zimetoka wapi. Mzazi akithibitisha kwa barua kuwa ni zawadi, wakamwambia, hakuna kodi. La sivyo zitahesabiwa mapato ya cherehani, na theluthi itakwenda. Mapato! Mtu anayekunja pindo za suruali za shule? Alicheka mpaka akapaliwa.

"Barua imekamilika, dada," karani akasema alipomaliza kusoma. "Hudaiwi hata senti."

"Mungu mkubwa!"

"Aliyezawadiwa ni mdogo wako wa kiume. Wewe umetunza tu. Yeye ndiye atakuja kujaza fomu."

"Mdogo wangu yupi?"

Swali la bure, maana anaye mmoja tu, yule wanayemwita Bwana Kesho, ambaye tangu amalize shule kazi zote ataanza kesho. Karani akamgeuzia karatasi. Mwandiko ulikuwa wa mama, hauna ubishi: *Fedha ni za mwanangu wa kiume. Nimezipitisha kwa dada yake kwa kuwa ni mwaminifu, hawezi kula cha mtu.*

Akampigia mama papo hapo dirishani.

"Mama, si uliniambia ninunue chumba?"

"Nunua, nani kakukataza? Andika jina la mdogo wako. Utashona humo humo. Wewe utaolewa, mwanangu."

"Nina miaka arobaini na sita, mama."

"Ndiyo maana sikukwambia. Nilijua utanuna."

Fundi akakata simu. Kikulacho ki nguoni mwako, na yeye nguo ndiyo kazi yake, lakini hakukiona. Yeye ndiye aliyemuuguza bibi yao mpaka mwisho. Karo ya Bwana Kesho ilitoka kwenye sindano yake. Kusalitiwa kuliuma, lakini kusifiwa uaminifu katika barua hiyo hiyo kuliuma zaidi.

Karani akasukuma kalamu. "Saini hapa, penye mtunzaji, tumalize."

Akasaini. Kisha akauliza, "Nikitaka kuzirudisha kwa aliyezituma, nafuata utaratibu gani?"

"Kiasi gani?"

"Zote. Leo."

"Dada, watu huja hapa kukataa kodi, si zawadi. Na chumba chako je?"

"Umesoma barua. Kuna chumba changu humo?"

Karani akainamisha macho, akamwandikia hatua za kufuata benki. Saa nane mchana Fundi alikuwa amekwisha kuzirudisha, amepiga magoti chini ya meza kwenye kile chumba, anaing'oa cherehani skrubu moja moja.