Waliogeuzwa Njiani

Kabla hajaketi, Profesa alitoa leso mfukoni akafuta kiti. Kiti chenyewe nilikuwa nimekifuta mimi asubuhi ile, kwa dawa, pamoja na vingine kumi na vinne vya ukumbi wa mikutano. Nikamchukia papo hapo.

Alikuwa ametoka hospitali kuu ya taifa, mwendo wa saa sita kwa gari, kuja kutualika tushiriki katika utafiti wake. Ndivyo alivyosema: kutualika. Mkurugenzi wetu, ambaye akiona suti huwa mwepesi wa kucheka, alikwishacheka mara tatu kabla projekta haijawashwa. Mimi nilikaa nyuma na dereva wa gari la wagonjwa, mikono nimeikunja kifuani. Nina miaka ishirini na miwili katika chumba cha upasuaji cha hospitali hii ya mkoa. Wauguzi wananiita Pasi, maana nikimpitia mtu habaki na mkunjo, na sijawahi kuwakataza.

Utafiti wenyewe ulihusu watoto wanaozaliwa utumbo ukiwa nje. Kulisema ni rahisi. Kumwona ndiyo kazi: mtoto ametimia, analia vizuri, na utumbo wake umelala juu ya tumbo, mwekundu, unang'aa. Sisi hatuna bingwa wa kumpasua. Kazi yetu ni kumfunga, kumpakia garini na kumpeleka huko kwao.

"Kutoka mkoa huu," Profesa alisema akionyesha ukutani, "tumepokea watoto saba katika miaka sita. Wanne wamepona. Zaidi ya nusu! Si haba hata kidogo."

Mkurugenzi akapiga makofi. Dereva akanigusa kiwiko.

"Saba, Sista?" alininong'oneza. "Mbona mimi nimepakia wengi?"

Nilijua alipakia wangapi. Kumi na tisa. Nina daftari la jalada jeusi ambalo hakuna aliyenituma kuliandika. Kila mtoto ana mstari wake: tarehe, uzito, jina la mama, saa gari lilipoondoka. Kwenye mistari kumi na miwili, safu ya mwisho ina maneno mawili tu: gari limegeuzwa. Dereva husimama kando ya barabara, humtazama mama kwenye kioo, kisha hugeuza gari. Waliofika ndio hao saba. Kumi na wawili, kwa hesabu ya Profesa, hawakuwahi kuzaliwa.

Nikanyoosha mkono. "Waliofia njiani umewaweka wapi?"

"Sista, tunamhesabu mtoto tuliyempokea."

"Kwa hiyo akijitahidi akafia mlangoni kwenu, anaingia kwenye utafiti."

"Sista, jamani," Mkurugenzi akaingilia, "huyu ni mgeni wetu."

"Sijamtukana. Nimemwuliza hesabu."

Profesa hakukasirika, na hilo likaniudhi kuliko leso yake. "Umeuliza kilichonileta," alisema. "Hospitali za mikoa zisipokuwemo, tunachojua ni nusu. Kuna mtu hapa anayeandika habari za wale wasiofika?"

Dereva akanitazama. Nikamkanyaga mguu. Miaka ya nyuma alikuja mwingine wa aina hii, akaazima kumbukumbu zangu zote za vidonda vya upasuaji, akaapa kuzirudisha. Nilikuja kuziona kwenye jarida, zimekuwa zake. Safari hii wangenikuta macho.

"Basi niambieni," Profesa akaendelea, "utumbo mnaufunga kwa kitu gani?"

"Kwa shashi," nikajibu, na nilijibu kwa kiburi. "Zilizoloweshwa maji ya chumvi, na njiani zinaloweshwa tena kila nusu saa. Wauguzi wote hapa nimewafundisha mwenyewe."

Akaiweka kalamu mezani. "Shashi iliyolowa inampoza mtoto, Sista. Kwa saa sita, joto lote la mwili linaishia kwenye hayo maji. Sisi tuliacha miaka tisa iliyopita. Siku hizi ni mfuko safi wa plastiki, kuanzia miguuni hadi kwapani, kisha mtoto anafunikwa vizuri asipate baridi."

"Miaka tisa," nikasema. "Mlimwambia nani?"

Aliichukua tena kalamu. "Tuliandika makala."

Niliinuka nikatoka, kiti kikaanguka nyuma yangu.

Stoo yetu ina rafu nne. Ya pili ni ya shashi. Ya tatu, juu yake tu, ina katoni ya mifuko safi ya plastiki ambayo hatukuwa tumepata kazi nayo. Niliisoma mara mbili tarehe ya kuletwa, ya kabla ya mstari wa kwanza wa daftari langu, nikatamani kuipiga katoni teke. Nilikumbuka mama mmoja, kijana kabisa, akinishika mkono pale kwenye ngazi za gari. "Sista, mbona mwanangu wa baridi hivi?" Nikamjibu kwamba ndivyo wanavyokuwa. Kisha nikamwongezea mtoto wake maji.

Dereva alinikuta hapo. Alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Kwa hiyo haikuwa mwendo," alisema.

"Mwendo gani?"

"Nilikuwa naendesha polepole kwa ajili ya mashimo. Niliogopa kumtikisa. Kila nikigeuza gari najiambia, ungekanyaga mafuta huyu angefika. Miaka sita, Sista. Hata mke wangu sijamwambia."

Nilikuwa na hasira ya kumtosha Profesa, Mkurugenzi na mkoa mzima, na nilitaka sana kubaki nayo. Daftari lilikuwa kwenye droo yangu, ufunguo shingoni mwangu. Ningenyamaza, Profesa angerudi kwao na saba wake, wanne wazima, na makofi. Na huyu mwanamume angeendelea kujihukumu kwa kosa langu.

"Haikuwa wewe," nikamwambia. "Wote nimewafunga mimi. Hata nilipokuwa mapumzikoni walinifuata nyumbani."

Akavaa kofia yake, akaivua tena.

Niliporudi ukumbini walikuwa wanakunywa chai. Nililitupa daftari mbele ya Profesa, chai ikamwagika kwenye karatasi zake, sikuomba radhi.

"Halitoki humu ndani. Unakaa, unanakili, na mimi nakuona. Na kesho mnazipigia simu hospitali zote za mikoa kuhusu hiyo mifuko. Simu, si makala."

Alilifungua. Alisoma kurasa mbili, midomo ikimtembea. Alipofika kwenye safu ya mwisho, akaacha kugeuza kurasa.

"Naomba rula," nikasema.

Nilichora safu nyingine pembeni, nikaipa kichwa: aliyefunga.

"Sista," alisema kwa sauti ya chini, "utafiti hauhitaji hilo."

"Mimi nalihitaji."

Dereva alikuja akasimama nyuma ya kiti changu. Nilianza na mstari wa kwanza. Nikaandika jina langu kamili, la vyeti, si Pasi. Nikashuka wa pili. Kwenye wa tatu dereva aliweka kidole pembeni ya karatasi.

"Huyu nilimgeuza darajani," alisema.

Nikaandika jina langu, nikashuka mstari unaofuata.