Kijitabu cha Mzee Wino

Mji ule ulikuwa na kipaji kimoja: kumpenda mtu akishakufa. Mzee Wino alipokuwa hai walimpita barabarani na kumwambia "shikamoo mzee" wakiwa wameshageuza shingo. Alipozikwa tu, kila mwenye mdomo akawa mwanafunzi wake kipenzi. Haukupita mwezi wakaamua ukumbi mpya wa sekondari upewe jina lake, na siku ya kuufungua kigawiwe kijitabu cha maisha yake.

Kazi ya kukiandika alipewa mwalimu wa baiolojia. "Wewe alikulea kama mwanawe," alisema mwenyekiti wa kamati, mwenye duka la saruji na mabati. Hapo hakudanganya. Mwalimu alipata mimba akiwa kidato cha tatu, na Mzee Wino, mkuu wa shule wakati ule, ndiye aliyemrudisha darasani baada ya kujifungua. Kichanga kilishinda kwa mke wa mkuu, nyumba iliyotazamana na geti, na kila siku saa nne mama mtoto alivuka kwenda kunyonyesha, blauzi ya shule imelowa maziwa. Sasa kichanga kile kilikuwa binti wa miaka kumi na tisa, chuoni.

Basi Mwalimu akachukua daftari akaanza kuokoteza maisha ya yule mzee, kipande hapa kipande pale. Kinyozi alisimulia jinsi mkuu alivyofagia uwanja pamoja na wachelewaji, kwa sababu naye siku hiyo alichelewa dakika mbili. Mshonaji alisimulia alivyofuatwa hadi kwao alipoacha shule, mkuu akakaa kizingitini na kusema haondoki peke yake. Mpishi wa zamani alisema mkuu alipanga foleni ya chakula nyuma ya kidato cha kwanza, na wali ukiisha anakula ukoko. Kila mmoja alitaka jina lake liandikwe vizuri, na picha iwepo. Kinyozi alileta yake kabisa, amevaa tai.

Lakini hadithi zote zilikatikia mahali pamoja. "Halafu akaumwa kisukari, wakamhamishia ofisi za elimu apumzike." Kinyozi kisukari, mshonaji kisukari, mpishi kisukari, maneno yale yale, kama watoto wa darasa la kwanza wanaoimba herufi. Mwalimu akaona hapana, akamwendea mjane.

"Kisukari?" Mama alicheka mpaka kikohozi kikamshika. "Mume wangu? Aliyekunywa chai ya vijiko vinne mpaka wiki ya kufa kwake?" Kisha kicheko kikamwisha. Aliingia chumbani, akatoka na faili la kijani lililofungwa kwa kamba ya kiatu. "Lisome hapa hapa, mwanangu. Usiende kulisomea kwenu."

Ndani mlikuwa na barua ya wazazi kwa ofisi ya elimu. Mkuu ameigeuza shule kuwa wodi ya wazazi, ilisema. Msichana yule aondoke, na mkuu akikataa kumwondoa, basi aondoke yeye. Chini wametia sahihi wazazi kumi na wanne. Mazoea nayo yana tabu: hata kwenye barua ya fitina walijaza kama walivyozoea kwenye mikutano ya shule, jina la mzazi, jina la mtoto, darasa lake.

Ofisi ilimpelekea Mzee Wino nakala ajieleze, naye alikuwa ameisahihisha. Ndiyo ilikuwa tabia yake na ndiyo asili ya jina lake; hakuna karatasi iliyopita mbele yake ikanusurika na kalamu nyekundu, hata kadi ya harusi. "Ushahidi uko wapi?" aliandika pembeni. "Hapa kuna hasira, hakuna hoja." Na mwishoni: "31/100. Rudieni." Mwalimu alicheka huku machozi yanamtoka. Kisha akafika namba tisa. Palikuwa na jina la karani wa posta, baba yake mzazi. Kwenye nafasi ya mtoto palikuwa na jina lake mwenyewe, kidato cha tatu B.

Hapo wino mwekundu haukugusa kitu.

"Alijua, na akanyamaza?" Mwalimu aliuliza.

"Alisema ukijua hutasoma, utakaa unajuta. Wakampeleka stoo ya wilaya, akaandikisha madawati mabovu miaka sita mpaka akastaafu. Mtu aliyeendesha shule miaka ishirini na miwili!"

Mwalimu hakuaga vizuri. Aliichomoa barua kwenye faili, akatembea nayo hadi kwa baba yake, akamkuta kibarazani anajinyoa kwa kioo cha mkononi. Akamwekea barua mapajani. Mzee aliitazama kitambo, povu likamkauka shavuni.

"Walikuja watu sita, mwanangu. Wamesimama hapo hapo ulipo. Mimi nilikuwa naketi dirishani posta, mji mzima unapita kunicheka. Ningekataa, wangesema natetea aibu."

"Kwa hiyo jioni ulitia sahihi nifukuzwe, asubuhi ukaniamsha niwahi shule?"

"Nilijua Mzee Wino hatakubali! Yule hakuwa mtu wa kuyumbishwa. Nilijua utasoma tu."

"Ulimwachia yeye kazi ya kuwa baba yangu," alisema Mwalimu. "Akaifanya. Ikamla. Na wewe ulikwenda kwenye mazishi yake ukakaa mstari wa mbele!"

Mzee aliushika mkono wake. "Nina miaka sabini na minne, mama. Mjukuu wangu atasoma hicho kijitabu. Nitamtazamaje?"

Mwalimu aliuchomoa mkono wake. Ilimuuma kwamba alimhurumia, na huruma yenyewe ikazidi kumkasirisha.

Kesho yake kamati ilikaa kwenye chumba cha walimu. Mwenyekiti alisoma ukurasa mpya wa kijitabu, ule wa barua ya wazazi, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Yeye alikuwa namba mbili.

"Dada, tunafungua ukumbi, hatufukui makaburi," alisema. "Lakini mimi si mtu mbaya. Andika tu kwamba 'baadhi ya wazazi hawakumwelewa.' Inatosha."

"Baadhi ndio nani?" Mwalimu aliuliza. "Kinyozi ana jina humu. Mpishi ana jina. Wewe mwenyewe una ukurasa mzima na picha mbili, eti ulimbebea mkoba. Wema wote una wenyewe, ila ubaya ndio umefanywa na baadhi?"

Mshonaji, aliyekuwa mjumbe, aliinamia meza. Mama yake alikuwa namba sita.

Mwenyekiti akatabasamu, tabasamu la mtu anayejua mzani wake umekaa upande gani. "Sawa. Basi weka majina yote, kama unaweza. Au usiweke hata moja. Namba tisa umeiona, au nikusomee?" Akawageukia wenzake. "Tumpe uhuru wake. Atakacholeta, kichapwe." Wakaitikia haraka, tena kwa raha, na yeye akaagiza soda.

Mwalimu alitoka na karatasi zake. Kutoka shuleni hadi kwa mchapaji ni mwendo wa dakika kumi, naye alitumia karibu saa. Alisimama mbele ya posta, akalitazama dirisha ambalo baba yake alikaa akichekwa. Alimwonea huruma, kweli kabisa. Kisha akamfikiria mtu mzima anayeinama juu ya madawati yaliyovunjika miguu, siku baada ya siku, anarudi nyumbani, anakutana na karani wa posta njiani, anamsalimia, anamuuliza, "Binti anaendeleaje na masomo?" Miaka yote ile.

Kwa mchapaji mashine zilikuwa zinanguruma, chumba kinanuka mafuta. Mchapaji alikuwa ameshapanga kurasa zote isipokuwa mmoja.

"Hapa umeandika 'waliomfukuza ni hawa,' halafu umeacha wazi," alisema. "Tunaweka majina au tunafuta mstari?"

"Weka."

"Nifuate namba zilivyo?"

"Hapana. Namba nimezipanga mimi." Mwalimu akasogea karibu na skrini apate kuona vizuri. "Andika. Wa kwanza ni baba yangu mzazi." Akataja jina lote, la baba na la babu, herufi moja moja, taratibu, mchapaji asije akakosea.