Dansi ya Mlima wa Mawe

Mtu anayeingia ukumbi wa dansi na viatu vyake vya mvua simwamini, na Joost Terpstra aliingia navyo siku ya kwanza. Aliacha nyayo za matope mpaka katikati ya sakafu, kisha akawaambia wanafunzi wangu, "Nipeni kitu chenu wenyewe. Mimi sitawafundisha hatua." Walimu wenzangu hapa Ghent, Ubelgiji, wakaona hekima. Mimi nikaona mtu aliyekuja sokoni na kikapu kitupu.

Alikuwa Mholanzi, na kabla ya kuitwa mtunzi wa dansi alikuwa akitengeneza filamu. Shule ilimwalika awe msanii mgeni majira yale ya baridi. Asubuhi nzima alikaa kitini, simu mkononi, akiwarekodi watoto mmoja mmoja.

"Video hizo za nini?" nilimuuliza tukiwa kwenye foleni ya supu.

"Kumbukumbu tu, Godelieve."

"Kumbukumbu ya nani?"

Akacheka, akasema watu wa Ghent ni wakali kuliko haradali yao. Sikumsaidia kucheka.

Niliyemhofia ni Jozefien. Binti huyo alikuwa ametunga dansi ya marehemu baba yake, mwendesha baiskeli za mashindano, aliyeanguka kwenye mlima wa mawe, ile barabara ya kupanda iliyotandikwa mawe, akainuka na kumaliza mbio akiwa wa mwisho. Dansi nzima ilikuwa ya miguu: inakanyaga, inatetemeka, inakataa kusimama. Nilipoiona mara ya kwanza nililia mbele ya darasa, na mimi si mtu wa kulia ovyo. Aliitunga kwa ajili ya mtihani wa mwisho, mwezi wa sita, wakuu wa vikundi vya dansi wanapokuja kuchagua wachezaji. Joost akiitanguliza jukwaani kwa jina lake, nani angeamini kwamba mwenyewe ni mwanafunzi?

"Usimwonyeshe," nilimwambia Jozefien.

"Jamani Mwalimu, wewe hata mvua unaishuku."

"Mvua haina simu."

"Ameniambia nina kitu. Hakuna mgeni aliyewahi kuniambia hivyo."

Uso ulikuwa unamng'aa. Nilitaka kumkumbusha kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini lake lilikuwa limeshateguka.

Ndiyo, wiki hiyo kifundo cha mguu wa kushoto kilikuwa kimevimba ndani ya soksi, na daktari alimkataza kuruka. Basi alifanya kama tufanyavyo wachezaji wote tukiumia: alisimama palepale akaichora dansi kwa mikono. Kiganja cha kushoto ni barabara, vidole viwili vya kulia ni miguu. Kidole kikizungushwa hewani, hapo mchezaji anazunguka. Viganja vikipigwa, hapo anaanguka. Midomo inahesabu. Huo ni ukumbusho wa dansi, si dansi yenyewe, na kila aliyekulia kwenye sakafu hizi anajua. Joost alirekodi yote, hata mtoto alipoinama kuvuta juu soksi yake, simu karibu kabisa na vidole. Kisha akasema, "Inatosha." Hakuuliza habari ya mguu.

Akaenda zake. Mwezi wa nne bango likabandikwa kituo cha treni: kazi mpya ya Joost Terpstra, Brussels, na chini yake picha ya mlima wa mawe na gurudumu la baiskeli. Nilisimama pale nimejaa hasira. Nikampigia simu Jozefien aje. Alilisoma bango lote, akakaa kwenye benchi.

"Labda ni baiskeli nyingine," akasema.

"Labda na mimi ni Mholanzi."

Tulikwenda kuitazama. Ukumbini alinishika mkono mpaka ukafa ganzi. Taa zikawaka. Wachezaji watano wa mavazi ya kijivu walikuwa wamesimama wima. Nikasubiri miguu, miguu haikuja. Viganja vya kushoto vikafunguka, na vidole vya kulia vikaanza kutembea juu yake.

Mwanzoni sikuelewa. Kisha wote wakazungusha kidole hewani, taratibu, kwa huzuni kubwa. Wakapiga viganja. Midomo ikahesabu bila sauti. Halafu, Mungu anisamehe, wote kwa pamoja wakainama na kuvuta juu soksi ya mguu wa kushoto.

Mama mmoja mbele yetu alifuta machozi. Mimi niliuma skafu yangu nisipige kelele. Kwamba ni mwizi nilijua tangu yale matope. Sikujua tu kwamba angebeba sufuria na kuiacha nyama mezani. Nikamgeukia Jozefien tucheke pamoja. Hakuwa anacheka.

"Mwalimu," alinong'ona, "hajawahi kuniona nikicheza. Wiki nzima alikuwa mbele yangu, na hakuomba kuona."

Kicheko kikanikauka. Nilikuwa nimelinda dansi muda wote ule, nikasahau kwamba mtoto mwenyewe alikuwa anataka kutazamwa.

Tulipotoka ukumbini Joost alitujia na glasi mkononi, rangi imempotea kidogo. Maneno alikuwa nayo tayari: alivutiwa, aliguswa, alikusudia kumtaja na haraka za kazi zikamzidi. Mwishowe akamuuliza, "Umeionaje?"

Jozefien alimtazama kuanzia viatu mpaka usoni.

"Nzuri," akasema. "Mguu wangu umepona sasa."

"Mguu? Mguu gani?"

Tukamwacha na glasi yake. Nje kulikuwa na manyunyu. Kwenye kituo cha tramu, treni ndogo ya mjini, Jozefien alinipa mkoba na koti nimshikie, na pale pale, mbele ya watu waliokuwa wakisubiri, akaupanda mlima wa baba yake kwa miguu yote miwili. Akaanguka, akainuka. Mzee mmoja alifunga mwavuli wake ili aone vizuri. Tramu ikaja, ikaondoka, na hakuna aliyepanda.