Mbwa Aliyefichwa Mahameni

Bweha aliingia uani kwa Dina saa tisa mchana, jua likiwaka, wala hakuonyesha hofu. Hapo Dina akajua kuna jambo, maana bweha mwenye akili zake hajipeleki mchana kweupe katikati ya nyumba za watu. Huyu alikuja akiyumba, udenda ukimchuruzika, akawaendea mbuzi wake wawili waliofungwa kigingini. Kabla Dina hajaokota hata fimbo, mbwa wake alikwisha kumrukia. Wakabiringishana vumbini mpaka bweha akalala kimya. Mbwa akarudi kwa Dina akitikisa mkia, mdomo umechanika, damu inadondoka.

Ulikuwa mwaka wa sabini na nne, mwezi wa tatu tangu wahamishiwe kijiji kipya cha barabarani, upande wa Shelui. Dina alikuwa mjane, na mtoto hakujaliwa. Mbwa huyo alimpata kisimani zamani, akiwa kitoto, watoto wanampiga mawe. Aliwakemea, "Mwacheni, mwacheni," na jina likamganda. Mumewe Stefano alipogongwa na nyoka malishoni, ni Mwacheni aliyerudi nyumbani peke yake, akauma pindo la kanga ya Dina na kumvuta mpaka alipoanguka mume. Akamkuta bado ana pumzi. Waliagana. Tangu siku ile Dina akisonga ugali alisonga wa wawili, hata mwaka huu wa njaa ambao watu walikula unga wa njano wa msaada, nao kwa kipimo. Siku ya kuhama, askari alipokataa mbwa kupanda lori, Mwacheni alilifuata kwa miguu, kwa barabara ndefu ya kuzunguka, hadi huku. Alifika jua linazama, nyayo zimechubuka.

Mwenyekiti wa kijiji, Philipo, alikuja kumtazama bweha, akamgeuza kwa fimbo bila kumgusa.

"Huyu ana kichaa," alisema. "Na mbwa wako ameumwa, mama Dina. Kesho mgambo watapita. Kila mbwa aliyeumwa auawe."

"Watamuua kwa kitu gani?"

"Kwa marungu. Risasi hatuna."

Mwezi uliopita Dina alikuwa ameona mbwa wa jirani akiuawa kwa marungu, na kelele zile hazijamtoka masikioni. Alfajiri, kabla jogoo hajawika mara ya pili, alimfunga Mwacheni kamba shingoni na kushika njia ya mahame, kwao kwa zamani, mwendo wa saa moja na nusu. Nyumba ilikuwa imebaki kuta tupu, lakini ua wa minyaa ulisimama bado. Akamfunga kwenye mti wa mkwaju, akamwekea maji katika kipande cha chungu. Mgambo walipofika aliwaambia mbwa amekimbilia porini. Philipo alimtazama usoni kwa muda, kisha akaondoka.

Kila siku alikwenda. Alijifanya anatafuta kuni, ugali umefungwa kwenye kitambaa tumboni. Alijipunja yeye, mpaka jirani yake Yunisi akamuuliza kama anaumwa. Kidonda cha mdomoni kikafunga. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, Mwacheni anakula, anacheza, anamlamba mikono. Dina akaanza kusema moyoni kwamba Mungu amewaonea huruma. Njiani aliomba maneno yaleyale: usinichukulie na huyu, Bwana, na huyu umwache.

Siku ya ishirini alikuta ugali wa jana haujaguswa na chungu kimejaa maji. Mwacheni alisimama nyuma ya mti. Alipobweka, sauti ilitoka imepasuka, kama ya mbwa mwingine. Dina akamsogezea maji. Mbwa aliyainamia, koo likamkakamaa, akarudi nyuma anatetemeka. Akajaribu tena. Kiu ilikuwa inamuua na maji yako mbele yake, hawezi kuyameza. Kisha akamtazama Dina kama anayemwuliza. Dina aliketi chini mbali kidogo, mikono kichwani, akalia mpaka machozi yakakauka.

Bwana mifugo, kijana aliyeitwa Melkizedeki, aliishi kijiji cha jirani. Dina alikwenda moja kwa moja kutoka mahameni, miguu imejaa vumbi hadi magotini. Akamkuta anatengeneza baiskeli.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kukiri kosa."

Akamweleza yote. Melkizedeki aliweka pampu chini.

"Mama, nionyeshe mikono."

Akainyoosha. Ilikuwa mikono ya jembe, imepasuka vidoleni.

"Amekulamba lini mara ya mwisho?"

"Jana. Na juzi. Kila siku."

Kijana hakumgombeza, na hilo lilimtia Dina hofu kuliko makaripio. Akamletea maji na sabuni, akamsimamia anawe kwa muda mrefu.

"Dawa ya kumponya yeye hakuna," alisema mwishowe. "Yako wewe ipo Kiomboi, hospitali. Ni sindano za tumboni, moja kila siku kwa wiki mbili. Kesho asubuhi upande lori. Ukichelewa, utakufa kama anavyokufa yeye."

"Nitakwenda. Lakini yeye asiuawe kwa marungu. Nakuomba, baba. Wala usimpe sumu ile ya fisi, nimeona inavyowapinda."

"Ninayo dawa ya kulaza usingizi wa mwisho, ya ng'ombe waliovunjika miguu. Shida ni kumkaribia."

"Mimi atanikaribia."

"Humshiki, mama. Hata kwa kidole."

Walifika mahameni jua limeinama. Melkizedeki alifungua kamba kwa upande wa pili wa mkwaju, akaizungusha shinani, akajificha nyuma ya mti. Mpango ulikuwa huu: Dina asimame ng'ambo ya shina, mbali na meno, amwite, mbwa akisogea kwenye shina, kijana aivute kamba mpaka shingo ibanwe mtini, kisha amchome pajani kutoka nyuma.

Miaka tisa Dina alikuwa amemwita mbwa huyu kula, kulinda, kwenda shambani, na hakumwita hata siku moja kwa hila. Akatamani kijana aseme basi, turudi. Kijana akasubiri.

"Mwacheni," aliita. "Njoo, baba. Njoo kwangu."

Mbwa aliinua kichwa. Taya lilikuwa limelegea, macho mekundu, miguu ya nyuma haimtii vizuri. Lakini mkia ulitikisika. Akaja akijikokota, hatua kwa hatua, mpaka shinani. Kamba ikavutwa. Mwacheni alifurukuta, akatoa ile sauti iliyopasuka, macho hayamtoki Dina.

"Endelea kumsemesha," Melkizedeki alisema nyuma ya mti.

Akamsemesha. Alimsemesha Kinyiramba, maneno ambayo mama huwaambia watoto wanaoogopa radi. Alimtaja Stefano. Alimwambia asante, na alimwambia amsamehe, na lile la pili alilirudia mara nyingi. Sindano iliingia. Dawa ilichelewa kushika, akachomwa ya pili. Miguu ya nyuma ikakunjika kwanza, kisha kichwa kikashuka taratibu kando ya shina. Dina alipiga hatua moja mbele, mikono imetangulia.

"Mama," kijana akamwita kwa ukali.

Akasimama pale. Hakumgusa. Hilo ndilo lililomshinda baadaye kulisimulia, kwamba hakumgusa.

Walichimba shimo refu, wakaweka mawe juu fisi wasifukue. Melkizedeki aliteketeza kamba na kile kitambaa, akamsindikiza Dina mpaka kijijini, baiskeli ikisukumwa. Philipo aliambiwa kila kitu. Alisema maneno makali, na yalikuwa ya haki, kisha akaandika barua ya kumpatia nafasi kwenye lori. Yunisi akachukua mbuzi kumtunzia.

Kiomboi, muuguzi alimlaza kitandani, akampangusa tumbo kwa pamba.

"Mbwa mwenyewe alikuwa wa nani?"

"Wangu."

"Ana chanjo?"

"Hana."

"Basi vumilia, mama. Zinauma."

Ziliuma kweli, siku zote kumi na nne, na Dina hakulia hata moja. Wagonjwa wenzake walimsifu kwa ushujaa. Aligeukia ukutani. Kila jioni, chakula kilipoletwa, alikimega mara mbili, akala nusu, na nusu nyingine ikabaki kwenye sahani mpaka walipokuja kuiondoa.