Pale Mistari Ilipokutana

Moshi ulikuwa mmoja. Waliouona walikuwa askari wa hifadhi watatu, kila mmoja juu ya kilima chake, na kila mmoja alipima uelekeo wake kwa dira akatuma namba kwa redio. Nasieku, ofisini Karatu, akaziingiza kwenye kompyuta. Mistari mitatu ikajichora juu ya ramani ya Ngorongoro, ikakutana kwenye korongo moja nyuma ya Endulen.

Korongo lile alilijua. Humo mama yake, Naserian, alifyeka kichaka akapanda mahindi baada ya ukame kumaliza ng'ombe wote, na ndani ya hifadhi kulima ni kosa.

"Pointi umeipata?" aliuliza Sylvesta, mkuu wake, bila kuinua macho. "Vijana wanaondoka saa nane. Wakikuta shamba, wanang'oa."

"Bado kidogo, bosi."

"Bado nini? Programu inafanya yenyewe. Wewe unabonyeza tu."

Kweli, lakini namba hufutika, zikaandikwa nyingine. Nasieku akatafuta mahali pasipo na mtu. Juu ya korongo, mstari wa tatu ulipita kwenye mahame ya mzee Moloimet, boma ambalo familia ililihama alipofariki, kama desturi inavyotaka. Akapunguza nyuzi tano huku, akaongeza tatu kule. Mistari ikasogea, ikakutana juu ya mahame. Aliona aibu, ila ahueni ilikuwa kubwa zaidi.

Kesho yake asubuhi akatumwa kwenda kuhakiki.

Hata kabla hajashuka garini aliona. Mahindi yalikuwa yamelazwa chini, mabichi, marefu kuliko ya mama yake. Mtoto wa wafugaji gani husahau kwamba zizi la zamani ndilo lenye samadi, na kwamba mwenye njaa atapanda hapohapo? Miaka minne ya kiti cha kuzunguka ofisini ilitosha kumsahaulisha.

Naishorua, mjane wa Moloimet, alikuwa ameketi katikati ya mabua. Njaa ndiyo iliyomrudisha mahali alipomzika mumewe. Nasieku akamwendea, akainamisha kichwa, kama binti anavyomwamkia mkubwa wake. Bibi akamwekea kiganja utosini.

"Wewe ni wa Naserian," alisema. "Mbegu hizi alinipa mama yako."

Nasieku akayatazama mabua, bibi akaendelea.

"Umesoma, uko karibu nao. Niulizie ni nani aliyewaonyesha hapa. Wanasema waliona moshi. Mimi sikuwasha moto, mwanangu. Sina hata cha kupika."

Redio mkononi mwa Nasieku ikakoroma.

"Nasieku," ilikuwa sauti ya Sylvesta, "ile pointi iko sahihi? Nifunge ripoti?"

Kiganja cha bibi kilikuwa bado kichwani pake, chepesi, kikinuka majani mabichi.

"Iko sahihi, bosi," alisema.